Kalemie: Namna ya kuozesha unga wa mbao na vijiti mbiyo, kwa vitu vya hapa hapa nyumbani

Ukipita asubuhi mbele ya maatelie ya mbao hapa Kalemie, mara nyingi utaona moshi mwembamba unatoka chini ya rundo la unga wa mbao. Ni moto wa jana, au wa juzi, maana unga wa mbao haushiki moto vizuri lakini hauzimiki pia. Kwengine hawachomi: wanaumwanga mu mferejini, na mvua ikinyesha unakwenda Lukuga au ziwani moja kwa moja. Wakati huo huo, huku juu kwenye vilima, mama anayelima lengalenga, bilanga na mihindi nyuma ya nyumba analalamika kwamba bulongo umechoka, na kwamba mfuko wa angre ya dukani ni wa watu wenye pesa.

Tangu ziwa lilipopanda mu 2021, na tena mu 2024, jamaa nyingi zilizokuwa zinakaa na kulima chini karibu na maji zilipanda juu. Wamepata vipande vidogo vya udongo mwekundu, wenye mawe, ambao mvua inauosha kila mwaka. Wakimbizi wa ndani wanaolima pembeni ya mji wako mu hali ile ile. Bulongo wa namna hiyo unahitaji kitu cha kuushika, kuulisha na kuulinda na jua. Unga wa mbao, maranda ya rabo, matawi ya miembe, mabua ya mihindi na miti ya mihogo vingeweza kuwa kitu hicho. Shida yao ni moja: haviozi haraka. Rundo la unga wa mbao likiachwa peke yake, baada ya miaka miwili bado ni unga wa mbao, umegeuka tu rangi.

Makala hii inaeleza ni kitu gani kinachelewesha mti kuoza, ni vitu gani vya hapa kwetu vinaweza kuuharakisha, kwa kipimo gani, na pale ambapo watu wanajidanganya.

Kwa nini mti ni mgumu kuoza

Kinachoozesha ni vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, pamoja na kuvu za aina ya uyoga. Vidudu hivi ni kama watu wa kazi: vinataka chakula, maji na hewa. Chakula chao kina sehemu mbili kubwa. Kaboni inawapa nguvu, na azoti inawajenga mwili. Vinafanya kazi vizuri pale ambapo kaboni ni kama mara 25 hadi 30 ya azoti. Majani mabichi yako karibu na hapo, au hata chini yake. Mabua makavu ya mihindi yanafika mara 60 na zaidi. Unga wa mbao unaruka mpaka mara 200, 400, hata 500. Maana yake kazi ni nyingi sana, na chakula cha kujenga mwili wa wafanyakazi ni kama hakuna.

Tena mti una lignini. Ndiyo gundi inayofanya mti usimame wima na usivunjike na upepo. Bakteria za kawaida hazijui kuivunja. Wanaoiweza vizuri ni kuvu, hasa zile zinazogeuza gogo kuwa jeupe na laini kama sponji. Kama umewahi kuokota gogo mu pori, ukaona ndani nyuzi nyeupe kama za buibui, hao ndio wafanyakazi wenyewe.

Na kuna ukubwa wa kipande. Vidudu vinaingia kwa kupitia juu ya ngozi ya kipande. Kipande kinene kina ngozi ndogo na tumbo kubwa. Njo maana tawi la mkono linakaa miaka, na chembe za msumeno zinaweza kuisha mu miezi. Lakini chembe zikiwa laini mno zinashikana kama tope na hewa haipiti. Kwa hiyo unga peke yake ni mbaya, na matawi mazima ni mabaya pia. Vikichanganywa vinasaidiana.

Kosa ambalo wengi tumelifanya

Mwandishi wa mistari hii alilifanya pia. Nilibeba mifuko mitatu ya unga wa mbao kutoka kwa jirani seremala, nikaumwanga kwenye tuta la mihindi, nikalimia pamoja na bulongo. Nilifikiri ni mbolea. Baada ya wiki tatu mihindi ikawa ya manjano kuanzia majani ya chini, ikasimama, haikukua tena. Jirani alisema unga wa mbao una asidi. Wengine wakasema ni uchawi wa mwenye shamba la pembeni.

Haikuwa asidi wala uchawi. Vidudu vilipoanza kula kaboni yote ile, vilikosa azoti, basi vikaichukua mu bulongo, ile ambayo mihindi ilikuwa inaingojea. Azoti haipotei kabisa, inarudi vidudu vikifa, lakini mihindi haingoji. Kwa hiyo sheria ya kwanza: unga wa mbao mbichi unaweza kuutandika *juu* ya bulongo, kati ya mimea mikubwa kama ndizi au mipapai, kuzuia jua na majani mabaya. Usiuchanganye *ndani* ya bulongo kabla haujaoza.

Vitu vya kuharakisha, na kipimo chake

Tuchukue kilo 10 za unga wa mbao mkavu. Ndani yake kuna karibu kilo 5 za kaboni, na azoti ya gramu chache tu, 10 au 20. Ili tufike kwenye uwiano mzuri tunatafuta gramu 150 za azoti hivi. Zitoke wapi?

*Mkojo wa watu.* Wengi wanacheka, lakini ndio dawa ya bei ya chini kuliko zote. Lita moja ina azoti ya gramu 5 hadi 7. Bido moja la lita 20, na kidogo zaidi, linatosha kwa kilo 10 za unga. Mkojo una faida nyingine: ni maji, kwa hiyo unalowesha unga ambao kwa kawaida unakataa maji. Namna ya kuutumia kwa usalama tutaisema chini, na tunaomba usiruke sehemu hiyo.

*Mavi ya kuku.* Yana nguvu sana. Kilo 5 au 6 zilizokauka zinatosha kwa kilo 10 za unga. Yakiwa mengi zaidi yatatoa harufu kali inayochoma macho, na hiyo harufu ni azoti inayoondoka hewani bila faida.

*Mavi ya mbuzi.* Nguvu yake ni ndogo kuliko ya kuku. Uhesabu kilo 12 hadi 15. Vidonge vya mbuzi ni vigumu, inafaa uviponde au uviloweke usiku mmoja, bila hivyo utavikuta vizima baada ya miezi miwili.

*Majani mabichi.* Hapa mti wa tithonia ndio mkubwa, ule wa maua makubwa ya manjano kama alizeti ndogo, wenye majani machungu, unaota wenyewe pembeni ya barabara. Kivu ya Kusini unajulikana sana kwa wakulima, wanaukata na kuuzika shambani. Kilo 25 hadi 30 za majani mabichi na ncha laini zitafanya kazi. Majani ya maharagi, ya karanga baada ya kuvuna, ya lesena na mikunde mingine yote yanafaa vilevile. Ukate kabla mti haujatoa mbegu.

*Takataka za samaki.* Sisi ni watu wa ziwa, tusisahau hilo. Matumbo, vichwa, magamba, ndakala zilizoharibika kwa mvua: kilo 5 au 6 zinatosha. Lakini lazima zizikwe katikati kabisa ya rundo, zifunikwe na unga wa mbao upana wa mkono mzima, bila hivyo utaita mainzi, mbwa na paka wa mtaa wote.

*Machicha ya lutuku na ya pombe ya mihindi.* Yana azoti, na yana sukari kidogo iliyobaki inayoamsha vidudu haraka. Yanapasha moto rundo mu siku mbili. Ila wenye nguruwe nao wanayatafuta, kwa hiyo usiyategemee peke yake. Chumvi yake iko kwenye siku za kwanza, baadaye utahitaji mavi au mkojo.

Hesabu hizi siyo za mizani ya dawa. Unga wa mti mgumu, mavi ya zamani yaliyonyeshewa mvua, majani yaliyokauka, vyote vinabadilisha kipimo. Kinachofaa ni kuchanganya vitu viwili au vitatu: nusu ya mavi, nusu ya majani, na mkojo wa kulowesha. Rundo lenyewe litakuambia kama umekosea, kwa joto lake na kwa harufu yake.

Vitu vinavyosaidia lakini siyo chakula

Kuna vitu vingine watu wanavisifu, na ni lazima kusema kazi yake halisi ni nini.

Bulongo wa pori, wa chini ya miti mikubwa, pamoja na vipande vya magogo yaliyooza meupe, vinaleta mbegu ya kuvu. Besani moja au mbili zinatosha kwa rundo zima. Komposti ya zamani inafanya kazi hiyo hiyo, na pengine vizuri zaidi, kwa sababu vidudu vyake vimezoea. Ukibakisha sehemu moja kwa kumi ya rundo la zamani ukaichanganya mu rundo jipya, umekwisha kuwa na chachu. Kwa hiyo unga wa vidudu unaouzwa kwenye vipaketi, wenye picha nzuri, hauna ulazima. Vidudu haviko haba Kalemie. Kilicho haba mu unga wa mbao ni azoti na maji.

Bulongo wa kichuguu unasifiwa kote Katanga, na wenye mashamba wanajua mihindi inakubali juu ya kichuguu. Ni udongo wa mfinyanzi wenye madini, unashika maji na chakula visiende na mvua. Utie kidogo, kopo chache kwa kila tabaka. Lakini mchwa wenyewe siyo wafanyakazi wako. Wakiingia mu rundo wanabeba mti na kuupeleka kwao chini, wanalishia uyoga wao. Rundo linapungua, unafikiri limeoza, kumbe limeibiwa. Mchwa hawapendi rundo lenye maji na lenye kugeuzwa kila mara. Ukiwaona, ujue rundo ni kavu.

Vumbi la makala, lile linalobaki chini ya mifuko mu depo za makala, lina faida kubwa ambayo hatuitumii. Halifanyi mti uoze, na lenyewe halitaoza. Lakini lina vitundu vidogo vingi, linashika azoti ya mkojo isiruke hewani, na harufu inapungua sana. Uliponde, ulilowanishe na mkojo, kisha ulichanganye. Besani moja kwa besani kumi za vitu vingine inafaa.

Majivu ndiyo yanayoleta ubishi. Yana kalisi na potasi, vitu vizuri kwa mimea, na yanapunguza ukali wa asidi. Lakini majivu yakikutana na mkojo au mavi mabichi ya kuku, azoti inageuka gazi na kuondoka. Utaisikia puani saa ile ile. Mtu aliyetia bido la mkojo na ndoo ya majivu pamoja amepoteza kazi yake. Majivu, kama unayo, uyatie mwishoni, komposti ikiwa karibu kuiva, na kidogo tu. Au uyapeleke shambani peke yake.

Sukari, soda, hamira: zinapasha rundo siku moja au mbili, kisha basi. Hazina azoti ya maana. Sukari unywee chai.

Namna ya kujenga rundo

Anza na kupunguza ukubwa. Matawi uyakate na upanga vipande vya urefu wa kidole, unene usizidi kidole gumba. Yaliyo mazito zaidi weka pembeni kwa kuni. Miti ya mihogo na mabua ya mihindi uyaponde na nyundo au mchi wa zamani: kupasuka ni bora kuliko kukatika, kwa sababu kunafungua tumbo la mti.

Kisha loweka. Hii ndiyo hatua ambayo watu wanairuka, na ndiyo inayowachelewesha kuliko yote. Mti mkavu ukiumwagia maji juu, maji yanapita pembeni. Chimba shimo dogo, tandika ndani plastiki ya zamani au mashita, jaza unga na vijiti, umwagie mkojo na maji, bido moja la mkojo kwa bido moja la maji, ufunike siku mbili au tatu.

Sasa chagua mahali: kivulini, pasipokaa maji, mbali na kisima na mto. Chini kabisa weka matawi yasiyokatwa, kimo cha shibiri moja, ili hewa ipite. Juu yake tabaka la vitu vya mti vilivyolowekwa, kimo cha shibiri, kisha tabaka jembamba la mavi na majani mabichi, kisha bulongo wa pori kidogo, na tena. Endelea mpaka rundo lifike metre moja kwenda juu, metre moja upana, metre moja urefu. Chini ya hapo halishiki joto. Kama huna vitu vya kutosha, mngojane na majirani wawili mjenge moja, kuliko matatu madogo yaliyopoa. Mwishoni funika na majani ya ndizi, au na mashita, ili jua na mvua kubwa visiguse.

Maji ujaribu na mkono. Chukua konzi moja, kamua: kitoke kitone kimoja au viwili kati ya vidole, siyo zaidi. Kikitiririka, maji ni mengi na hewa haipo. Kisipotoka kitu na konzi likavunjika, rundo lina kiu.

Mu siku tatu au nne chomeka chuma au panga katikati, ngoja dakika tano, uchomoe, ushike. Kama huwezi kuushikilia, rundo limefika joto la kazi, digri 55 au 60 hivi. Joto hilo linaua mbegu za majani mabaya na magonjwa mengi. Wakati wa kwanza wa kugeuza ni pale joto linapoanza kushuka, karibu siku ya kumi. Vya nje viingie ndani, vya ndani vitoke nje. Halafu kila wiki mbili. Kila mara ukigeuza, jaribu maji tena.

Kwa vipimo hivi, unga wa mbao na maranda yanaweza kuwa tayari mu miezi 4 hadi 6. Vijiti vya unene wa kidole gumba vinataka miezi 8, mwaka pengine. Usingoje vyote viishe. Pepeta na chekecheo la waya, chukua kilicho laini, na vipande vilivyobaki uvirudishe kwenye rundo jipya. Vimekwisha kujaa kuvu, vitakuwa chachu.

Lini kuanza

Wengi wanaanza mu mwezi wa saba, kwa sababu ndiyo wakati hawana kazi ya shamba. Ni wakati mbaya. Kipwa kimekauka, majani mabichi hayako, na maji ya kubeba mlimani ni kazi ya watoto na wamama. Rundo la metre moja linaweza kudai bido kadhaa kila linapogeuzwa.

Afadhali mwezi wa ine au wa tano, mvua ikiwa karibu kuondoka. Vitu vya kulowesha viko, tithonia na majani ya karanga yako mabichi, mabua ya mihindi ya mavuno yako chini. Unalifunika vizuri, linaingia kipwa likiwa na maji yake, na linakutana na mvua za mwezi wa kumi likiwa tayari kwa kupanda. Mu kipwa, badala ya rundo la juu, unaweza kuchimba shimo la nusu metre na kujenga nusu chini, nusu juu. Linakauka polepole zaidi. Lakini mvua zikirudi usiache chochote mu shimo, litajaa maji na kunuka.

Kolera, na mkojo

Kalemie inaijua kolera, hatuhitaji kuelezwa. Kwa hiyo tuseme waziwazi. Mavi ya watu hayaingii mu rundo hili, hata kidogo, hata kama mtu amekuambia joto litaua kila kitu. Rundo la nyumbani halina joto sawa sehemu zote, na pembeni linabaki baridi.

Mkojo ni kitu kingine. Wa mtu mwenye afya hauna hatari kubwa, hatari inakuja ukichanganyika na mavi. Ukusanye mu bido lenye kifuniko, siyo mu ndoo ya wazi, na usitumie wa mtu anayehara, mwenye homa au anayekunywa dawa nyingi. Ufunge, uandike alama kwenye bido ili mtu asilitumie tena kwa maji ya kunywa, na uweke mwezi mmoja kabla ya kuutumia. Ukitumia komposti yenye mkojo kwenye mboga, ipite mwezi mmoja kabla ya kuvuna. Baada ya kugeuza rundo, nawa mikono na sabuni, watoto pia. Rundo liwe mbali na kisima, na kamwe lisiwe kwenye ukingo wa ziwa ambapo watu wanachota maji.

Na ule unga wa mbao unaotupwa ziwani? Ukizama mu maji ya ukingo unakula hewa ya maji pale ambapo samaki wadogo wanakaa, na maji yanakuwa ya rangi ya chai.

Mbao za kukataa

Siyo kila unga ni mzuri. Uulize seremala alikuwa anapasua nini. Mbao za miti laini, kama za mwembe au za avoka, zinaoza vizuri. Mukula wenye unga mwekundu na muvula ni migumu, mioyo yao ina dawa ya asili inayozuia wadudu na kuvu. Njo maana tunaipenda kwa milango. Unga wao unaoza, ila kwa kuchelewa: changanya nusu kwa nusu na maranda ya mti laini, na uongeze mwezi au miwili. Kalitusi ina mafuta yenye harufu, uuloweke na uuache mu hewa wiki chache kwanza.

Vya kukataa kabisa ni vipande vya triplex, mbao zilizopakwa rangi au vernis, mbao zilizotiwa mafuta machafu ya motere ili mchwa usile, na maranda ya pale pwani wanapotengeneza mitumbwi na mabalinieri, kama yamegusa goudron. Sumu hizi haziozi na zitafika kwenye sahani.

Njia ya kuku na ya mbuzi

Kama una kuku au mbuzi, kuna njia ya kivivu, na kwa maoni yetu ndiyo bora. Tandika maranda mu nyumba ya kuku, kimo cha kiganja, na kila wiki ongeza kidogo juu. Kuku wanakanyaga, wanakwaruza, wanatia mavi. Baada ya miezi miwili au mitatu ukitoa chini, nusu ya kazi imefanyika, mti umekwisha kulowa na kuchanganyika na azoti. Tumia maranda ya rabo, siyo unga laini, kwa sababu vumbi lake linaingia mu mapafu ya vifaranga.

Hii siyo akili mpya. Muingereza Albert Howard, aliyefanya kazi Indore, India, kuanzia 1924 mpaka 1931, alikuwa na shida ile ile na mabua ya pamba, magumu kama kuni. Yalitandikwa barabarani, magari ya kukokotwa na ng'ombe yakapita juu yake mpaka yakapondeka, kisha yakalazwa chini ya ng'ombe usiku, yakanyonya mkojo. Mu miaka ya 1930 mashamba ya kahawa ya Kenya yakaanza kuifuata njia yake. Babu zetu wa Kongolo, Kabalo na Nyunzu waliolazimishwa kulima pamba na Wabeleji walikuwa na mabua yale yale, lakini waliambiwa wayang'oe na kuyachoma kwa ajili ya wadudu.

Rundo likikataa

Likibaki baridi na kavu, liko na kiu: lifungue, nyweshea, lijenge tena. Likiwa na maji ya kutosha lakini baridi, limekosa azoti: ongeza mkojo au mavi ya kuku. Likinuka yai bovu, hewa haipo: ligeuze, tia vijiti vikavu. Likinuka mkojo mkali, azoti imezidi: ongeza unga wa mbao na vumbi la makala. Uyoga ukiota juu, furahi, lakini usiule, hata kama unafanana na ule wa msitu.

Kujua kama imeiva, tia konzi mbili zenye unyevu mu sashe, ufunge siku tatu, kisha ufungue na unuse. Ikinuka bulongo baada ya mvua, ni nzuri. Ikinuka uchachu, irudi. Halafu panda mbegu 20 za lengalenga mu kopo la komposti iliyochanganywa nusu na bulongo, na 20 nyingine mu bulongo peke yake. Zikiota sawasawa, na majani yakabaki kijani wiki mbili, peleka shambani.

Kwa mihindi, konzi mbili kwa kila shimo la kupandia zinatosha kuanzia. Kwa tuta la mboga, brueti moja kwa metre nne au tano za mraba, ichanganywe na bulongo wa juu, kimo cha kidole. Mu vilima, weka upande wa juu wa mmea, siyo wa chini, na ufunike na majani makavu, maana mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi inakuja na nguvu na itabeba kila kilicho wazi.